Shilingi elfu nne za mwaka 1974: ni arobaini, ni laki moja na kitu, au ni ng'ombe kumi?

"Mwalimu salamu. Mimi ni wa Manafwa, huku karibu na Lwakhakha. Mzee wetu alifariki mwaka jana na kwenye sanduku lake tulikuta daftari. Kuna ukurasa ameandika Machi 1974, amemkopesha shemeji yake wa Bungoma sh. 4,000 za kununua shamba, atarudisha baada ya mavuno. Hakurudisha. Watoto wa huyo shemeji ni binamu zetu, watu wazuri, wanakubali deni lipo na wanataka kulipa ili wazee wapumzike. Shida ni hesabu. Binamu mkubwa anasema pesa ya Uganda ilikatwa sifuri mbili kwa hivyo deni ni shilingi 40. Kaka yangu anasema ni za Kenya, unazidisha mara 28, ni 112,000 za kwetu. Dada yetu anasema kwenye daftari hilohilo ng'ombe mmoja ni sh. 400, kwa hivyo wanatudai, yaani tunawadai, ng'ombe 10. Nikatafuta kwenye simu reti ya 1974 nikaona eti shilingi moja ya Kenya ilikuwa senti moja ya Uganda, nikachanganyikiwa kabisa. Nani ana haki? Na ni kweli pesa ya Kenya ina nguvu mara 28 kuliko yetu?"

Ndugu yangu, pole sana kwa kufiwa na mzee. Swali lako nimelisoma mara mbili, mara ya kwanza nilicheka hapo kwa shilingi 40, mara ya pili sikucheka tena kwa sababu niliona hao watu watatu hakuna hata mmoja aliyekosea kuzidisha wala kugawa. Wote wametoka kwa mstari mmoja wa daftari, wamefika mahali tofauti kabisa, na kila mmoja ana kaukweli kake. Kwa hivyo nitaanza na ile namba ya kwenye simu maana ndiyo iliyokuvuruga, halafu tutarudi kwa ng'ombe.

Ile "senti moja" ni mtego. Mwaka 1987, mwezi wa tano, serikali ya Uganda ilitoa shilingi mpya, na shilingi mpya moja ilikuwa sawa na 100 za zamani. Sasa wale wanaotunza takwimu huwa wanarudi nyuma na kukata sifuri mbili kwa miaka yote ya zamani ili mchoro wao usiruke ghafla. Ndiyo maana ukiangalia dola ya 1974 unaona 0.07 ya Uganda, wakati mtu aliyekuwa hai mwaka huo alikuwa anasema shilingi saba na senti. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kushika hiyo 0.07 mkononi, ni pesa ya 1974 imevalishwa nguo za 1987. Ukiiweka kando ya shilingi ya Kenya, ambayo haijawahi kukatwa sifuri, unapata hiyo senti moja yako. Rudisha zile sifuri mbili mahali pake na utaona ukweli: Machi 1974, kwa reti ya serikali, shilingi moja ya Uganda ilikuwa shilingi moja ya Kenya. Moja kwa moja.

Na hiyo ndiyo sababu mzee aliandika "sh." tu bila kusema za wapi. Hakuwa mzembe. Kwa mtu wa umri wake shilingi ilikuwa shilingi. Tangu miaka ya 1920 Uganda, Kenya na Tanganyika tulitumia pesa moja, ya ile Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa 1919, shilingi 20 kwa pauni moja ya Kiingereza, na zile senti zenye tundu katikati ambazo bibi zetu walizifunga kwa kamba. Mwaka 1966 kila nchi ikafungua benki kuu yake na kuchapisha noti zake, lakini zote tatu zilianza kwa thamani ileile, dola ilikuwa kama shilingi 7.14 kila mahali. Hata Waingereza waliposhusha pauni yao Novemba 1967, hizi nchi zetu zilikataa kuwafuata na zikabaki pamoja. Kwa hivyo mzee alipokaa na kalamu yake mwaka 1974, kuandika "za Uganda" au "za Kenya" kungekuwa kama leo uandike "kilo ya mahindi, kilo ya Mbale".

Ila hapo hapo niseme jambo ambalo vitabu vya benki havikuonyeshi. Reti ya moja kwa moja ilikuwa kwenye karatasi. Wahindi walikuwa wamefukuzwa 1972, viwanda vya sukari na vitambaa vilianza kulegea, sabuni na chumvi zikawa za kutafuta, na serikali ya Amin ilipokosa pesa ilichapisha. Pesa nyingi, bidhaa kidogo, bei lazima ipande, hiyo haihitaji digrii. Kwa kawaida pesa ya nchi kama hiyo inashuka mbele ya pesa za wenzake, lakini ya kwetu ilizuiliwa kushuka kwa amri. Sasa ukizuia reti kwa amri, watu wanahama na kwenda pembeni. Ndipo likaja lile neno ambalo wazee wa mpakani wanalijua kuliko jina la waziri yeyote, magendo. Kahawa ilivuka usiku, kwa kichwa, kwa punda, kwa baiskeli (na hao vijana wa baiskeli za kuvusha watu Busia, boda mpaka boda, ndio babu wa bodaboda zote unazoziona Kampala leo). Baridi iliua mibuni ya Brazil 1975, bei ya kahawa ikaruka duniani, na soko la Chepkube upande wa Kenya likajaa kahawa ya kwetu 1976 na 1977. Kwa nini mkulima wa Bugisu avushe kahawa wakati chama cha ushirika kilikuwa kinanunua hapa hapa? Kwa sababu ng'ambo alilipwa shilingi za Kenya, na hizo zilikuwa zinanunua sabuni. Benki ilisema zinalingana, na kila mama sokoni alijua hazilingani. Wale waliotajirika wakaitwa mafutamingi, na ile bei ya dola ya pembeni baadaye ikapewa jina la kibanda.

Serikali ilikubali ukweli mwaka 1981. Rais Obote aliporudi madarakani, ile pesa iliachiliwa ielee, na dola ikatoka shilingi kama 8 ikaenda karibu 78 kwa mara moja. Kenya wakati huo ilikuwa bado kwenye tisa, kumi hivi. Basi hapo ndipo ndugu wawili wa mama mmoja waliachana rasmi. Baadaye zikaja reti mbili kwa pamoja, dirisha la kwanza na la pili, kuanzia 1982 hadi 1984, halafu zikaunganishwa dola ikiwa karibu 300. Vita ikaendelea, uchapishaji ukaendelea, na Mei 1987 dola ilipofika 1,400 ndipo wakakata sifuri mbili na papo hapo wakaishusha tena, dola ikawa 60 mpya, maana yake 6,000 za zamani. Na watu waliopeleka pesa zao kubadilisha walikatwa asilimia 30 juu. Binamu yako nadhani hii ya asilimia 30 hajaisikia, usimwambie, atakushusha kutoka 40 hadi 28.

Kukata sifuri hakukuponya kitu, bei ziliendelea kupanda na kufikia mwisho wa 1989 dola ilikuwa inakaribia 370. Kilichotuliza mambo ni 1990 serikali iliporuhusu biro za kubadilisha pesa, yule mtu wa kibanda akapata leseni na kioo mbele yake, na baadaye wakaacha kuchapisha ovyo. Kenya nayo usidhani ilikaa salama, mwaka 1993 dola ilipita 60 kwao wakati miaka mitatu nyuma ilikuwa kama 23. Lakini wao walianguka ngazi moja moja, sisi tulianguka kutoka darini.

Sasa piga hesabu na mimi. 1974, moja kwa moja. Leo shilingi ya Kenya ni kama 28 za kwetu mpya, yaani 2,800 za zamani. Hiyo ndiyo tofauti nzima kati ya binamu na kaka yako, 40 mara 2,800 ni 112,000. Wote wameshika 4,000 ileile, mmoja ameipitisha Kampala, mwingine ameipitisha Nairobi, basi.

Na ni ipi? Kama deni ni la makaratasi tu, swali ni noti zipi zilitoka mkononi mwa mzee na zilikwenda kufanya nini. Kama mzee alikuwa anauza kahawa kwa chama, alilipwa za Uganda, hapo binamu ana hoja. Lakini shemeji alinunua shamba Bungoma, na mwenye shamba wa Bungoma mwaka 1974 hakutaka noti yenye sura ya Amin, alitaka yenye sura ya Kenyatta. Kwa hivyo mahali fulani njiani zile noti ziligeuka. Kama mzee ndiye aliyezigeuza kabla ya kumpa, alimpa za Kenya. Kama shemeji alizigeuza mwenyewe baada ya kuvuka, alikopeshwa za Uganda. Uliza wazee waliobaki, hasa shangazi yako kama yuko hai, akina mama wa enzi hizo wanakumbuka noti zilifungwa kwa kitambaa gani. Tafuta pia karatasi ya mauzo ya shamba upande wa binamu, bei iliyoandikwa pale inaweza kuwaambia kama 4,000 ilifika nzima au ilipungua njiani.

Lakini mimi kwa maoni yangu mkikaa kubishana Uganda au Kenya mtapoteza bure usingizi. Reti ya pesa mbili inakwambia siku fulani hii inanunua ngapi za ile, haikuambii zote mbili zinanunua nini. Kaka yako anadhani amepata haki kwa sababu ametumia pesa "yenye nguvu". Angalia vizuri: 112,000 za leo ni KSh 4,000. Mtu alikopa 4,000 akanunua shamba, leo analeta 4,000 ambayo sijui kama inanunua mbuzi. Shilingi ya Kenya nayo imeyeyuka, kutoka 7.14 kwa dola hadi karibu 129, mara 18. Ya kwetu ukiihesabu na sifuri zake imeyeyuka kama mara elfu hamsini. Kaka yako amechagua barafu iliyoyeyuka polepole, bado ni barafu.

Ndiyo maana dada yenu hakuzidisha reti yoyote na bado namuona yuko karibu zaidi na jibu kuliko hao wengine. Jaribu njia nyingine ya kumpima. Shilingi 4,000 mwaka 1974 kwa reti ya benki ilikuwa dola 560. Dola 560 za leo bila kuongeza chochote ni kama milioni mbili za Uganda, au KSh 72,000. Ila dola pia inazeeka, bei za Marekani zimepanda zaidi ya mara sita tangu mwaka huo, kwa hivyo thamani yake halisi inaenda kwenye dola 3,500 hivi, yaani milioni kumi na mbili hadi kumi na tatu za kwetu. Na ng'ombe kumi? Ukichukua wa kienyeji wa milioni moja na nusu, ni milioni 15. Unaona zinavyokaribiana? Dada yako hajasoma uchumi, amesoma daftari.

Hata hivyo nisimpe kombe zima. Bei ya ng'ombe kwenye daftari ni bei ya ng'ombe mmoja, siku moja, labda alikuwa ndama, labda alikuwa wa jirani kwa bei ya ujirani. Soma kurasa zote, kama mzee aliandika bei ya mabati, jembe, karo ya shule, kilo ya sukari, chukua vitu vinne vitano tofauti mlinganishe, msitegemee mnyama mmoja. Halafu kuna hoja ya binamu ambayo hajaisema lakini ningekuwa wakili wake ningeisema: mzee asingekopesha, angeziweka sandukuni, na zile za sandukuni ndizo zilizokuja kuwa 28. Mapato ya nchi nzima yaliungua, kwa nini hasara yote ibebwe na aliyekopa? Jibu langu kwa hoja hiyo ni kwamba hazikukaa sandukuni, zilikwenda kuwa shamba, na shamba halikukatwa sifuri.

Kwa hivyo kama mnaniuliza mimi, milioni mbili ni sakafu, chini ya hapo ni kuwatania wazee. Milioni 12 au 15 ni dari, na juu ya hapo, mkianza kuongeza riba ya miaka hamsini, mnajenga kesi badala ya undugu, maana mzee mwenyewe hakuandika riba. Katikati ya hapo ni kazi ya kukaa chini ya mti. Familia nyingi za mpakani huwa zinamaliza mambo kama haya kwa mifugo na chakula kuliko kwa noti, ng'ombe wanne au watano, pande zote mbili zile pamoja, mkono upeanwe, na mimi sioni ubaya. Ng'ombe hana reti.

Kisheria usitegemee mahakama. Deni la mkataba kwa Uganda lina miaka sita ya kudai, na Kenya vilevile ni sita, hili lenu limepita muda huo mara nyingi. Binamu zako wanalipa kwa heshima, si kwa kulazimishwa, na nyinyi mkienda na sauti ya kudai mnaweza kuipoteza hiyo heshima. Lakini kuna mambo mawili ambayo hayafai kumalizwa na mimi hapa. La kwanza, hilo deni si lako wewe, ni mali ya marehemu, kwa hivyo kitakachopatikana ni cha warithi wote pamoja na mama kama yupo. Kama hamjachukua barua za usimamizi wa mirathi, nendeni kwanza ofisi ya Administrator General au muone loya, msije mkapatana na binamu halafu mkapigana wenyewe. La pili, kama kuna mtu upande wenu ameanza kusema "lile shamba basi ni letu", mzuie leo. Kumkopesha mtu pesa ya kununua shamba hakukufanyi mwenye shamba. Na kama upande wao wanataka kulipa kwa kuwakatia kipande cha ardhi, hapo simama, msisaini chochote kabla ya kumuona wakili wa Kenya, kwa sababu kule raia wa nje kumiliki ardhi kuna masharti yake na ardhi ya kilimo ndiyo ngumu zaidi.

La mwisho uliuliza kama pesa ya Kenya ina nguvu mara 28. Hapana. Hiyo 28 inaonyesha tu pesa ipi ilianguka zaidi huko nyuma na nani alikata sifuri ngapi. Yeni ya Japani inakwenda zaidi ya mia moja kwa dola na Wajapani hawalali njaa. Kama serikali yetu ingekata tena sifuri mbili kesho asubuhi, shilingi moja ya kwetu ingekuwa karibu KSh 3.50 na wewe ungeamka na mfuko uleule. Kinachofaa kuangaliwa ni inavyotembea, na hapo hata Kenya inaweza kukushangaza. Mwaka 2015 ilifika kama 35 za kwetu, Januari 2024 ikaanguka hadi chini ya 24 kwa sababu watu waliogopa deni lao kubwa la nje litakalolipwa mwaka huo, halafu Februari wakakopa upya kulilipa na ndani ya miezi michache ikapanda tena kwenye 28, 29. Mtu aliyechenji Januari kwa pupa alipoteza karibu kimoja kwa kila sita.

Kwa hivyo binamu wakikuletea za Kenya, usichenji zote siku hiyo hiyo pale mpakani, na usichenji na kijana aliyesimama na bunda barabarani hata kama reti yake ni tamu kuliko zote, tamu hiyo huwa inalipwa na noti moja bandia katikati. Uliza biro mbili tatu zenye leseni, Malaba au Mbale, uliza bei yao ya kununua maana ile iliyoandikwa kubwa kwenye ubao mara nyingine ni ya kuuza. Na mkimaliza, fungua lile daftari, chini ya mstari wa mzee andika mmelipwa, tarehe, kiasi, wote msaini. Ila safari hii andikeni kabisa ni za nchi gani.